Dawa ya Ukoo

Watu husema marehemu hasemwi vibaya. Basi wao wasimseme. Mimi niliishi kwenye nyumba yake miaka mingi, nikaanika nguo kwenye kamba yake, nikachota maji kwenye bomba lake lenye kufuli, kwa hiyo nitamsema. Yeye mwenyewe hakuwahi kumsitiri marehemu hata mmoja. Jeneza linapita njiani, yeye kakaa barazani, anasema, "Huyu naye alikuwa mchoyo, Mungu amrehemu," kisha anaendelea kuchambua mchele wake. Hata huko aliko, akinisikia, neno lake la kwanza litakuwa kwamba Kiswahili changu bado hakijanyooka.

Wapangaji wote tulimwita Mama Mwenye Nyumba, mbele yake na nyuma yake. Nyuma yake tuliongeza na mengine. Nyumba yenyewe iko Kahama, mtaa wa nyuma ya mashine za mpunga, vyumba pande mbili na uwanja katikati, na mlango wangu ulitazamana na wake. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga vijijini, kazi yangu kupepeta mchele mashineni. Nilihamia pale na mtoto wangu mmoja, Masanja, baada ya baba yake kufariki. Mama Mwenye Nyumba naye alikuwa na mjukuu mmoja, Zuhura, rika moja na Masanja. Wapangaji wengine walikuja na kuondoka, na wengi waliondoka wakilia.

Alikuwa na tabia ya kufuta. Hagusi kitu mpaka akifute kwanza kwa pembe ya ushungi wake. Kiti anakifuta, kikombe anakifuta, kitasa cha mlango wake mwenyewe anakifuta, maana huenda mpangaji amekishika. Noti ukimpa anaifuta pande zote mbili ndipo anaiingiza kifuani. Sikukuu ya Idi moja nilimwona kwa macho yangu haya mawili akimfuta mbuzi mgongo kabla hajamshika. Mbuzi naye akamtazama kwa mshangao, nikasema moyoni, pole mwenzangu, umeyakuta.

Na alipenda kutusahihisha. Kwetu mtu mkubwa anaamkiwa kwa goti. Siku yangu ya kwanza nikapiga goti mlangoni pake, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba huku anatazama ukuta, akasema, "Inuka, utanichafulia sakafu." Kila tulipofungua mdomo alikuwa na la kurekebisha, hivi sivyo, hivyo ndivyo, nyie watu wa bara mnaongea kama mnatafuna karanga. Sisi watu wa bara! Kuku wangu alipoingia kwenye maharage yake siku moja, alimrukia na fagio akimtukana kwa Kisukuma safi cha Tinde, matusi ambayo hata bibi yangu aliyasikia mara chache. Alipogundua kwamba nimesikia, akafuta mdomo wake na kuingia ndani.

Ukoo wake sitausimulia. Aliusimulia mwenyewe kwa kila mpangaji aliyeingia, na kila mara babu alikuwa mtu mwingine. Mara babu kadhi, mara babu tajiri wa Bagamoyo, mara babu alikuja huku na misafara akawastaarabisha watu. Bahari yenyewe aliijua kwenye kalenda ya duka la vitambaa, iliyotundikwa sebuleni hata mwaka wake ulipokwisha. "Mwacha asili ni mtumwa," alikuwa akisema, na anakutazama wewe, yaani mtumwa mwenyewe ni wewe. Nilichoka na huo ukoo kuliko nilivyochoka na kazi ya ungo.

Nisiseme uongo, lakini. Niliwahi kuugua homa, nimelala chumbani siwezi hata kuwasha jiko, na Masanja mdogo hajui kupika. Asubuhi mlango ukagongwa. Zuhura kasimama na uji wa mchele wenye maziwa na hiliki, wa moto, mtamu, uji wa mtu anayejua kupika. "Bibi amesema unywe wote," akasema mtoto, "na kikombe usirudishe." Nilikunywa huku namshukuru, na huku namtukana. Kile kikombe ninacho mpaka leo.

Sababu ya kutotaka kikombe kirudi nitaieleza. Baba Masanja alikuwa mchimbaji. Kila palipotokea rashi, dhahabu imetoka mahali na watu wote wanakimbilia huko, naye alikimbia. Alianza Mwakitolyo, akaenda Geita, akaingia mashimo ambayo hata majina yake siyajui, na mwisho akarudi nyumbani mwili umeisha. Tulipomzika nikapima, nikampima na mtoto. Wote wawili tulikuwa na virusi. Nikaanza kuhudhuria kliniki hapa hapa Kahama, mchana kweupe, nimemshika Masanja mkono. Watu wananiita jasiri. Ujasiri gani? Wenzangu walikuwa wanapanda basi kwenda kuchukua dawa wilaya nyingine wasionekane. Mimi nauli ya kujifichia sikuwa nayo.

Habari ikamfikia Mama Mwenye Nyumba, maana mtaa ule habari hailali njaa. Mwezi wa Ramadhani, alipokuwa akiwaita watoto wa uwanjani kwenye futari, nikaona Masanja ana kikombe chake peke yake, cha plastiki nyekundu, kimewekwa pembeni ya mkeka. Wengine wanapokezana vikombe, yeye na chake. Mtoto alikuwa anafurahi, anadhani amependelewa. Mimi nilikaa chumbani na hasira yangu, na sikuwa na pa kuhamia.

Sasa sikilizeni unafiki ulivyo. Nilikuwa nimeshajua siku nyingi kwamba Zuhura naye anakunywa dawa zile zile.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na mama mwenye mtoto wa dawa hadanganywi na mama mwenzake. Mama yake Zuhura, binti wa pekee wa Mama Mwenye Nyumba, alikuwa akipeleka vitenge kwenye machimbo. Akapata bwana huko Geita, akazaa, akarudi na kichanga na kikohozi, akafa. Bibi akatangaza mtaa mzima kwamba amekufa kwa presha. Presha ya msichana mbichi vile, haya. Kisha kila baada ya muda fulani utamwona Mama Mwenye Nyumba kavaa baibui jipya, kamshika Zuhura mkono, anaelekea stendi. Ukimuuliza, anakwenda Songwa, ana ndugu yake tajiri huko kwenye almasi. Shinyanga wapite, Maganzo wapite, siku nzima barabarani, na wanarudi jioni wamejaa vumbi. Almasi sikuwahi kuiona. Nilichoona ni kopo la hiliki pale dirishani kwake. Alikuwa akifika tu anavitoa vidonge kwenye chupa yake na kuvitia humo, kwa sababu chupa ile ukiitikisa inalia, na mlio wake anayeujua anaujua. Nesi wetu kila siku alikuwa akitukataza kuvitoa vidonge kwenye chupa yake, vinaharibika. Dawa za Zuhura zilinukia pilau.

Jioni adhana ya magharibi ikilia, sauti inatoka mlango ule: "Zuhura! Njoo hapa!" Nami nilikuwa sina saa ya kutegemewa, kwa hiyo adhana hiyo hiyo nikaifanya saa ya Masanja. Mwanangu Mkatoliki alikua akimeza dawa kwa sauti ya mwadhini. Milango miwili inatazamana, watoto wawili wanaitwa kwa wakati mmoja, na huyu bibi bado anaweza kunitazama kwa pua.

Hayo ningeyavumilia. Lililonishinda ni uongo aliompa mtoto. Watu wengine wanawaambia watoto kwamba dawa ni ya kifua, au ya kuongeza damu. Mama Mwenye Nyumba hakuweza kutamka kwamba mtu wa kwake ana kasoro yoyote. Alimwambia Zuhura kwamba hiyo ni dawa ya ukoo. Watu wa ukoo wao, tangu huko Pwani, huanza kuinywa wakiwa watoto na huinywa maisha yote, ndiyo maana wana akili na ngozi laini. Washamba hawapewi. Na mtu asiambiwe, maana watu wana husuda, watataka na wao. Na bibi mwenyewe mbona hanywi? Bibi eti alizinywa zake za maisha yote utotoni, akazimaliza, na mtoto akaamini.

Nilijuaje? Jioni moja, watoto wapo kama darasa la pili, adhana imelia, wote wawili wakatoka na vikombe vya maji kila mmoja akiwa na kidonge kiganjani. Wakakutana katikati ya uwanja. Zuhura akatazama kiganja chake, akatazama cha Masanja, akapiga ukelele wa furaha ambao sitausahau.

"Bibi! Bibi! Masanja naye ni wa ukoo wetu! Mama Masanja, kumbe sisi ndugu!"

Tulikuwa sisi wanne tu pale, ashukuriwe Mungu. Mimi nimesimama na ungo wangu. Mama Mwenye Nyumba katoka mlangoni na ushungi mkononi. Mtoto anaeleza mbio mbio, hii dawa ya ukoo, babu wa Pwani, tena tazama, ina rangi ile ile! Nikaelewa yote mara moja, nikajisemea, haya mama, leo chagua. Ama sema ukweli, ama mpokee Msukuma.

Alinitazama, akavitazama na vile vidonge viwili.

"Ni kweli," akasema. "Babu yao na babu yetu walikuwa ndugu." Kisha akaona amezidisha, akaongeza, "Ndugu wa mbali. Mbali sana."

Hivyo ndivyo nilivyopata ukoo Bagamoyo. Niliingia chumbani nikacheka mpaka nikakaa chini, na nilipomaliza kucheka nikalia, kwa sababu yule mtoto alikuwa amenikumbatia miguu.

Siku iliyofuata nilimfuata jikoni kwake. Nikamwambia, "Mama, mwambie mtoto taratibu. Mimi wangu nimemwambia kama nesi alivyonifundisha. Kuna wadudu kwenye damu yako, wamelala, dawa ndiyo inawalaza, ukiacha wanaamka. Anaelewa."

Alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa. "Umemwambia wako, umepata nini?" akasema. "Wako anajua ana ugonjwa. Wangu anajua ana ukoo."

Neno hilo liliniudhi. Kwa sababu ilikuwa kweli. Masanja wakati ule alikuwa ananisumbua, kidonge anakificha chini ya ulimi, anakwenda kukitema nyuma ya choo. Zuhura alikuwa akimeza kidonge chake kidevu juu, mtoto wa kifalme. Na siku alipomkuta Masanja anatema alimkaripia vizuri sana: "Watu wa ukoo wetu hawatemi!" Masanja akaona aibu. Tangu siku hiyo hakutema tena. Mimi na nesi tulikuwa tumemwimbia mwaka mzima, na uongo wa yule mwanamke ukafanya kazi kwa neno moja. Lakini hata shati la kuazima linakukaa vizuri mpaka mwenyewe atakapolitaka.

Tukaishi kindugu. Idi ikija, sahani ya pilau inaletwa kwetu, imefunikwa kawa. Krismasi nawapelekea wali na kuku. Na kile kikombe chekundu kikabaki pale pale pembeni ya mkeka. Zuhura alimuuliza bibi yake kwa nini ndugu yetu ana kikombe chake, akajibiwa kwamba Masanja ni mgeni wa heshima. Ukoo alikubali kunigawia, ila kikombe hapana.

Na unafiki wake ulianza kumgharimu mtoto. Mwaka wa mvua nyingi walipanda basi kwenda Songwa kama kawaida. Walipofika Tinde akapanda mama mmoja wa mtaani kwetu, muuza vitumbua, mwenye mdomo usiofungwa. Akaketi kiti cha nyuma yao, akauliza, "Mama Mwenye Nyumba, safari ya wapi na mjukuu?" Mama Mwenye Nyumba akasema wanaishia hapo hapo Tinde, wanamsalimia mgonjwa. Wakashuka! Wakasimama njiani, na basi likaenda, wakarudi Kahama mikono mitupu. Barabara ikaharibika na mvua, na Zuhura akakaa siku nyingi bila dawa, bibi anamwambia ukoo unafunga, ni kama Ramadhani. Nilipojua nilimpelekea vya Masanja vichache nikiwa nimefunga kwenye karatasi, na nesi angenichapa kwa hilo. Alivipokea. Alivifuta kwanza.

Miaka ikasogea, watoto wakaingia sekondari. Zuhura akawa na akili kweli, sijui kama ni ya ukoo. Siku moja mwalimu wa baiolojia akafundisha habari za virusi, namna mama anavyoweza kumwambukiza mtoto akiwa tumboni, na kwamba mtoto kama huyo anakunywa dawa kila siku, saa ile ile, maisha yake yote. Mwalimu hakumtaja mtu. Zuhura akafunga daftari lake, akarudi nyumbani, akamkuta Masanja anaanika nguo.

"Wewe ulijua?" akamuuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Mwanangu hajui kudanganya, na hilo ni kosa langu na baba yake. Akamwambia, "Tangu ile siku uliposema sisi ni ndugu."

Nilikuwa mlangoni nikaona uso wa yule binti unavyobadilika. Hakulia. Aliingia ndani, akatoka na kopo la hiliki, akaliweka miguuni pa bibi yake pale barazani. "Ukoo ni wako," akasema. "Kunywa wewe."

Kuanzia jioni ile adhana ikawa inalia na mlango ule uko kimya. Mwanzoni Mama Mwenye Nyumba alifoka. Kisha akabembeleza, akanunua viatu, akanunua simu. Kisha akasaga vidonge akavichanganya kwenye uji. Zuhura akaonja uchungu wake mara moja tu, akamwaga uji uwanjani, na tangu hapo akawa hali chakula cha kwao, anakuja kula kwangu. Nilimwambia, mwanangu, ng'wana wane, usimkomoe bibi yako kwa mwili wako. Alinijibu kwa upole kabisa, "Mama Masanja, mimi sijui hata kama mwili ni wangu. Kila mtu alijua habari zake isipokuwa mimi." Akaanza kukonda. Mdomoni vikatoka vidonda. Usiku nilikuwa nasikia kikohozi kutoka ng'ambo ya uwanja, kile kile alichorudi nacho baba Masanja, na nilikuwa nauma khanga nisipige kelele.

Ndipo Mama Mwenye Nyumba akaja mlangoni kwangu kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Akafuta fremu ya mlango kabla hajaishika. "Mwanao kaniharibia mtoto," akasema.

Nikamlipukia. Miaka yote niliyokuwa nameza ikatoka. "Mwanangu? Wewe ndiye unayemuua! Unamuua kwa sababu ya muuza vitumbua! Mtoto hakatai dawa, anakukataa wewe na babu zako wa kwenye kalenda! Mtoto wangu umemtengea kikombe, kumbe na wako anaumwa kile kile, huna hata haya! Mficha maradhi kifo humuumbua, mama, na hiki kifo hakitakuja kwako, kitakuja kwa mtoto!"

"Hama kwenye chumba changu," akasema.

"Nahama!"

Zuhura alikuwa ametoka, ameshikilia ukuta. Sauti imekwisha, lakini ilisikika uwanja mzima. "Bibi, nitakunywa," akasema. "Siku utakayonipeleka hospitali ya hapa hapa mjini. Mchana. Usijifunike uso. Ukae na mimi kwenye lile benchi wanalokaa akina Masanja, mpaka zamu yetu ifike."

Mama Mwenye Nyumba akatazama mtoto, akatazama wapangaji waliotoa vichwa milangoni. Akaenda akafunga bomba kwa kufuli, akaingia ndani.

Nilihama wiki ile, upande wa pili wa mji. Sikuondoka kwa ushindi. Niliondoka nikijua yule binti atazikwa, na mtaani wataambiwa presha. Kila jioni adhana ikilia nilimwona Masanja anashika kidonge chake anakitazama kwanza. Nilimchukia yule mwanamke kwa moyo wangu wote, na sitaki mtu aniambie kwamba ilikuwa vibaya.

Siku yetu ya kliniki ikafika. Tumekaa benchini mimi na Masanja, watu wengi, jua limeshapanda, na kwenye geti la hospitali yule yule muuza vitumbua ameweka ndoo yake, maana yeye hufuata walipo watu. Mara naona getini anaingia mwanamke amevaa kama anakwenda kuoza binti. Baibui la sherehe, viatu vya kisigino, manukato yanatangulia mita kumi. Ushungi ameuvuta nyuma kabisa mpaka nywele za mvi za mbele zinaonekana. Kamshika Zuhura mkono, na Zuhura amebaki macho tu na mifupa. Walipita katikati ya uwanja wa hospitali polepole. Hakutazama kulia wala kushoto. Hata kwenye aibu yake yule mwanamke alitembea kwa kuringa.

Muuza vitumbua akaacha ndoo yake akamfuata mpaka benchini. "Mama Mwenye Nyumba! Na wewe umo?"

"Nimo," akasema. "Nimemleta mjukuu wangu kuchukua dawa. Ulitaka nimlete wako?"

Benchi lote likageuka. Muuza vitumbua akatunyooshea kidole sisi. "Na hawa si wale wapangaji wako uliowafukuza?"

"Hawa ni ndugu zangu."

"Ndugu?"

"Wa karibu," akasema Mama Mwenye Nyumba. "Haya nenda, vitumbua vyako vinaingia nzi."

Nilisogea wakakaa. Hakunisalimia, nami sikumsalimia. Alilalamika kwamba benchi lina misumari, kwamba foleni haina adabu, kwamba nesi anaita watu kama anaita mbuzi. Zamu yao ilipofika waliingia, wakakaa ndani muda mrefu sana. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na mkononi ameshika chupa, chupa yenyewe, haikuwa kopo la hiliki, na ilikuwa ikilia kila anapopiga hatua mbele za watu wote. Zuhura akaketi katikati yetu. Akafungua, akatoa kidonge, akakiweka kiganjani.

"Maji, Bibi."

Kumbe Mama Mwenye Nyumba alibeba manukato, akabeba khanga ya pili, maji hakubeba. Akaanza kuhangaika na mkoba. Masanja akatoa chupa yake ya maji, aliyokuwa ameshainywa nusu, akampa Zuhura. Zuhura akaweka kidonge mdomoni, akainua kidevu kama zamani, akameza. Kisha akamkabidhi bibi yake ile chupa ya maji.

Niliutazama mkono wa yule mwanamke. Nilikuwa nasubiri ushungi. Nilishaandaa hata neno la kumwambia, neno baya sana, lilikuwa limefika kwenye meno.

Akainua chupa ya mwanangu akanywa mafunda makubwa, ya mtu aliyekuwa na kiu siku nyingi. Alipomaliza ndipo akavuta pembe ya ushungi, akaufuta mdomo wa chupa vizuri, pande zote, akamrudishia Masanja.